Usiposoma Utagonga Vyuma

Msomaji wangu, iko sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno katika mji wa Eldoret, na kila niisikiapo hunichoma. Mara ya mwisho niliisikia katika shule ambayo sitaitaja, siku wazazi walipoalikwa kuona watoto wao wakipewa zawadi. Mgeni wa heshima alisimama, akakohoa, akawanyoshea wanafunzi kidole na kusema, "Msiposoma, mtaishia kugonga vyuma juani." Wazazi walipiga makofi. Walimu waliitikia kwa vichwa. Wanafunzi walicheka kile kicheko cha mtu amchekaye mwenzake ili asichekwe yeye. Nje ya ua wa shule, mwendo wa dakika chache tu, nyundo zilikuwa zikilia, na sina shaka kwamba wenye nyundo waliyasikia makofi yale, maana vipaza sauti vilikuwa vinne.

Nataka kubishana na mgeni yule. Siku ile sikupata nafasi, kwa hiyo nabishana naye hapa mbele yako, nawe uwe kadhi. Maneno yake yana uongo wa namna mbili uliosokotwa pamoja kama kamba. Uongo wa kwanza ni kwamba kugonga chuma hakuhitaji elimu. Wa pili, ambao ni mbaya zaidi kwa kuwa haukutamkwa, ni kwamba elimu haihitaji kugonga chuma. Kwa uongo wa kwanza tumewadhulumu wazee wetu. Kwa uongo wa pili tunakudhulumu wewe.

Twende kwanza kwa mhunzi. Mchana mmoja nilikaa kitako juu ya gurudumu bovu nikamtazama mzee mmoja akigeuza springi ya lori kuwa panga. Mjukuu wake alikuwa akizungusha feni ya kupulizia makaa. Mzee hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na macho. Springi ilipopata wekundu wa damu, alisema, "Bado." Ilipopata wekundu wa nyanya mbivu, alisema tena, "Bado." Ilipokaribia rangi ya chungwa aliichomoa kwa koleo, akailaza juu ya fuawe, akaanza kuifua. Iliporudi kwenye wekundu uliofifia aliacha, ingawa mjukuu alikuwa bado ameinua nyundo. "Ukiigonga sasa," alimwambia, "utaitia ufa usiouona." Mwishowe aliipasha tena mpaka ikaiva, akaizamisha katika mafuta machafu ya injini, kisha akaupasha ukingo wake polepole hata ukapata rangi ya majani makavu. Akalijaribu panga kwa kidole gumba, akalitia kando, akaagiza chai.

Mgeni wa heshima angesema kwamba mzee huyu hakusoma. Mimi nasema kwamba alifanya mtihani wa fizikia na kemia mbele ya macho yangu, akafaulu. Ila hapakutokea mtu wa kumwambia majina ya maswali. Maana chuma kikiwa baridi, atomu zake hujipanga kama visanduku vidogo, kila sanduku likiwa na atomu moja katika kila pembe na moja katikati ya tumbo. Chuma safi kikifika nyuzi 912 za sentigredi, mpango huo huvunjika na atomu huhamia viti vingine: moja katika kila pembe kama zamani, lakini sasa moja katikati ya kila uso wa sanduku, na tumbo hubaki tupu. Katika mpango huo mpya kaboni hupata mahali pa kukaa, mahali ambapo haikupata hapo kwanza. Ukikipoza chuma ghafula, kaboni hunaswa ndani kama panya katika mtego, nacho chuma huwa kigumu na chenye kuvunjika upesi. Ukikipasha tena kidogo, mtego hulegea na chuma hupata ukakamavu pamoja na unyumbufu. Hiyo ndiyo rangi ya majani makavu. Mzee aliyajua hayo yote kwa macho na kwa mkono.

Dharau ya mgeni wetu si mpya. Wamasai walivaa mikuki na sime zilizofuliwa na wahunzi wao, ambao huwaita ilkunono, na desturi ya kale ilikataza kuoana nao. Walichukua kazi ya mikono ya mtu na kukataa mkono wenyewe. Wanandi wa nyanda hizi nao walikuwa na wahunzi wao waliofua mikuki kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924. Na ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Buhaya, watu walikuwa wakiyeyusha chuma cha pua katika matanuri ya udongo kwa muda wa karne nyingi. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari hizo mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani, wakionyesha kwamba kazi hiyo ilianza katika nchi hiyo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wataalamu wamebishana tangu hapo juu ya jinsi matanuri yale yalivyopata joto kali namna ile. Lakini hakuna kati yao aliyesema kwamba wenye matanuri walikuwa watu wasiojua kitu.

Sasa nataka kukutoa kwenye chuma nikupeleke kwenye metali nyingine. Jina lake ni titani. Naichagua kwa sababu mbili. Moja ni kwamba katika titani jambo ninalolitetea huonekana wazi kuliko katika metali nyingi nilizosoma. Nyingine ni kwamba mchanga wake ulitoka katika nchi yetu, ukapita mbele ya macho yetu, nasi hatukuuliza ulikokwenda.

Titani iligunduliwa mwaka 1791 na William Gregor, kasisi wa huko Cornwall, Uingereza, aliyeokota mchanga mweusi wenye kuvutwa na sumaku akaona kwamba ndani yake mna kitu ambacho hakikuwa chuma. Ilipata jina lake mwaka 1795 kutoka kwa Mjerumani Martin Klaproth. Lakini kuijua si kuipata. Metali hii huishika oksijeni kama kupe aishikavyo ngozi ya ng'ombe, na ilichukua zaidi ya miaka mia kabla Matthew Hunter, mwaka 1910, kufaulu kuipata ikiwa safi. Njia ya kuitoa kwa wingi ilibuniwa na William Kroll wa Luxembourg katika miaka ya 1930, na hata leo kazi kubwa hufanywa kwa njia yake. Uzuri wa titani ni huu: kipande cha chuma kikiwa na uzito wa kilo 10, kipande cha titani cha ukubwa uleule hakifiki kilo 6, nayo haili kutu, na ikichanganywa vizuri na metali nyingine nguvu yake hulingana na ya vyuma vingi vya pua. Ndiyo maana imo katika ndege zitembeazo angani juu ya Uasin Gishu, na ndiyo maana imo katika mifupa ya watu. Msweden Per-Ingvar Brånemark aliona kwamba mfupa hushikamana nayo kana kwamba ni ndugu yake, akaitia katika taya la mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Huenda yupo jirani yako aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda ambaye leo hutembea akiwa na bamba la titani chini ya ngozi, wala hajui jina lake.

Mchanga mweusi kama ule wa Cornwall uko pwani kwetu. Huko Kwale kampuni ya Base Titanium iliuchimba tangu mwaka 2013, ikaupakia melini huko Likoni, ikauza ng'ambo, mpaka uchimbaji ulipokoma mwezi wa Desemba 2024 kwa kuwa mchanga uliofaa kuchimbwa ulikuwa umekwisha. Tusidanganyane hapa, kwa maana wapo wapiganao vita hivi kwa chumvi nyingi mno. Si kweli kwamba mchanga wote wa Kwale uligeuka ndege. Sehemu kubwa sana ya mchanga wa namna hiyo duniani hufanywa unga mweupe wa kutia katika rangi za nyumba, karatasi na plastiki. Ni sehemu ndogo tu iwayo metali. Yamkini ukuta mweupe wa darasa ulilokaa sasa una undugu na mchanga huo. Lakini nauliza: katika miaka ile 11, ni katika madarasa mangapi mwalimu alileta konzi moja ya mchanga ule na kusema, "Tazameni, hiki ndicho kinachotoka kwetu, na haya ndiyo yanayofanywa nacho"? Sizungumzi juu ya kodi na mirabaha. Hayo yana wasemaji wake. Nazungumza juu ya udadisi, ambao hautozwi ushuru.

Basi sikiliza yatokeayo ndani ya titani inapopashwa moto na kugongwa.

Titani ikiwa baridi, atomu zake hujipanga kwa pembe sita kama sega la nyuki, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu huuita mpango huo alfa. Ili metali ijikunje bila kuvunjika, matabaka yake hayana budi kuteleza, moja juu ya jingine, kama karata zinavyoteleza katika mkono wa mchezaji. Sega hili lina njia chache za kuteleza, kwa hiyo titani baridi ni kaidi. Ipashe sasa. Ikifika nyuzi 882 za sentigredi, sega huvunjika na atomu hukaa katika visanduku vyenye atomu moja tumboni, kama vile vya chuma baridi nilivyokueleza. Mpango huu huitwa beta, nao una njia nyingi za kuteleza. Metali ileile iliyokuwa kaidi sasa hutii nyundo.

Waswahili husema kwamba udongo uwahi ungali maji. Basi mtu mwepesi wa kusema atasema: kumbe kazi ni rahisi, ipashe sana, iwe laini, uigonge upendavyo! Hapa ndipo ujinga hulipiwa. Aloi ya titani itumiwayo zaidi duniani huwa na sehemu 6 za alumini na sehemu 4 za vanadi katika kila sehemu 100 za uzito. Alumini huitetea alfa, vanadi huitetea beta, na kwa sababu ya mvutano huo aloi hii huwa na alfa na beta pamoja, zikiishi nyumba moja, mpaka joto lifikapo karibu nyuzi 995. Hapo alfa yote hutoweka, hubaki beta peke yake. Na beta ikibaki peke yake hukua. Punje zake humezana, kubwa ikila ndogo, mpaka ziwe kubwa za kuonekana kwa macho. Ipoze sasa: alfa hurudi, lakini hairudi kama punje za mviringo. Huota ndani ya punje kubwa za beta kama mabamba membamba yaliyolaliana, fungu hili likielekea huku na fungu lile likielekea kule. Ukipoza polepole, mabamba huwa manene. Ukiitosa majini, huwa nyuzi nyembamba kama sindano za msonobari.

Fikiri juu ya donge la unga wa ngano, ambao twaulima wenyewe katika wilaya zetu hizi. Donge lilelile mama mmoja hulipaka mafuta, akalikunja, akalisukuma, akatoa chapati yenye matabaka yanayoachana. Mwingine hulikanda tu na kulisukuma, akatoa chapati isiyo na tabaka hata moja. Unga ni ule, maji ni yale, chumvi ni ileile. Mpe mkemia apime chapati zote mbili, atakuambia kwamba ni kitu kimoja. Mpe mtoto mwenye njaa, atakuambia kwamba sivyo.

Ndivyo ilivyo titani. Aloi yenye mabamba hustahimili ufa uliokwisha kuanza, kwa maana ufa hulazimika kupinda kila ukutanapo na bamba lielekealo upande mwingine. Nayo hudumu vizuri ikivutwa muda mrefu kwenye joto. Aloi yenye punje ndogo za mviringo hukunjika zaidi kabla ya kukatika, nayo huchelewa kuanza ufa inapopigwa na mizigo mingi midogo. Mhandisi huchagua. Lakini ili apate zile punje za mviringo, hawezi kuzipata kwa moto peke yake. Hana budi kuifua aloi ikiwa ndani ya eneo la nyumba ya wawili, kwenye nyuzi 900 na kitu, chini kidogo ya ule mpaka wa 995. Nyundo au shinikizo huyapinda mabamba, huyakunja, huyakata. Beta hupenya katika mikato hiyo, na vipande vya alfa hujiviringa taratibu kama kokoto za mtoni. Wakati huohuo, mahali palipobanwa sana, punje mpya huzaliwa katikati ya zilizochoka. Mfuaji husikia jambo hilo mkononi: baada ya mapigo ya kwanza metali hulegea, hutaka nguvu ndogo kuliko mwanzo. Inajijenga upya ndani huku inagongwa nje.

Na mwendo wa pigo nao una hesabu yake. Titani hupitisha joto vibaya kuliko chuma. Ukiipiga kwa kasi mno, joto lizaliwalo na pigo hukosa pa kukimbilia. Ukanda mwembamba ndani ya metali huwa moto kuliko jirani zake, ukanda huo hulainika, mkunjo wote hukimbilia hapo, na hapo ndipo ufa huanzia. Ukienda polepole mno juu ya kifaa baridi, uso hupoa na kupasuka hali moyo ungali laini. Lakini ukiwa na punje ndogo sana, na joto la karibu nyuzi 900, na subira, titani huvutika kama ulimbo, mara kadhaa ya urefu wake, bila kukatika. Na mafundi wa ndege hutumia tabia hiyo kuipuliza kwenye kalibu kama mtu apulizaye puto. Haraka haraka haina baraka: tuliifundishwa methali hii kwa ajili ya adabu, kumbe ni kanuni ya metali pia. Tena kuna hewa. Titani yenye moto hunywa oksijeni, nayo huota ganda gumu lenye kuvunjika kama ukoko wa ugali, ambalo lazima liondolewe kabla kipande hakijatumiwa. Yule mzee wa springi angeijua ajali hii mara moja. Springi zake nazo hutoa magamba motoni.

Utaniuliza, "Haya yote yana faida gani kwangu?" Nitakujibu kwa habari moja ya kweli.

Tarehe 30 Septemba 2017, ndege kubwa ya Airbus A380 ya shirika la Air France ilikuwa ikitoka Paris kwenda Los Angeles, ikiwa na watu 521. Ilipokuwa juu ya barafu ya Greenland, moja ya injini zake nne ilipasuka. Feni yote ya mbele ilichomoka ikaanguka. Rubani waliishikilia ndege wakaitua salama huko Goose Bay nchini Kanada, na hakuna aliyeumia. Lakini kwa nini ilipasuka? Kipande kilichokatika, ambacho ni kitovu cha feni, kilikuwa kimelala chini ya theluji ya Greenland. Watu walikitafuta kwa muda wa karibu miaka miwili, wakakipata mwaka 1919 ukiongeza mia moja, yaani 2019, wakakichimbua, wakakiweka chini ya hadubini. Kitovu kile kilifanywa kwa aloi ileile ya 6 na 4. Mchanganyiko wake haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika mpango wa ndani: palikuwa na eneo ambamo punje nyingi za alfa zilielekea upande mmoja, kama askari gwarideni, na kwa hiyo zilifanya kazi kana kwamba ni punje moja kubwa na dhaifu. Eneo la namna hiyo ni urithi wa moto na ufuaji: zile punje kubwa za beta za mwanzo ziliacha nyayo zao, na kufuliwa kwa kipande kikubwa namna ile hakukuzifuta zote. Kila ndege iliporuka, kitovu kilivutwa, kikashikiliwa kwa dakika kadhaa, kikaachiliwa. Bandu bandu huisha gogo. Ufa ulianza ndani, mahali pasipoonekana, ukakua safari baada ya safari.

Watu 521, msomaji wangu, waliponea chupuchupu kwa sababu ya upande ambao punje zilielekea. Na si wote waliopata bahati hiyo. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya shirika la United ilianguka huko Sioux City, Marekani, wakafa watu zaidi ya 110, kwa sababu ya doa dogo gumu lililozaliwa ndani ya titani ya feni yake ilipokuwa ikiyeyushwa, miaka kama 18 nyuma. Sasa nirudie maneno ya mgeni wetu: msiposoma, mtaishia kugonga vyuma. Bwana mgeni, ndege iliyokuleta Eldoret inaruka kwa sababu kuna watu waliosoma sana, wakasoma zaidi, ndipo wakaruhusiwa kugonga vyuma.

Najua kuna atakayenipinga kwa hoja nzito kuliko ya mgeni. Atasema: "Eldoret haina tanuri la titani. Titani huyeyushwa mahali pasipo hewa. Hufuliwa kwa mashinikizo kama lile la tani 50,000 lililoko Grafton, Marekani, tangu mwaka 1955. Hayo ni mambo ya Marekani, Urusi, China na Japani. Wafundishe watoto vitu vya kuwafaa." Hoja hii naiheshimu, na nusu yake naikubali. Sitakuahidi kiwanda cha titani kando ya mto Sosiani. Mwenye kukuahidi hicho anatafuta kura. Lakini nusu ya pili siikubali kabisa. Ekseli ya trekta katika shamba la mahindi huko Moiben hukatika kwa sababu ileile iliyokata kitovu cha feni: mzigo mdogo, mara nyingi, juu ya mahali dhaifu pa ndani. Jembe linalovunjika siku ya pili lilipozwa vibaya. Lango lililochomelewa hukatika kando ya kiungo wala si juu yake, kwa sababu moto wa kuchomelea umebadili punje za mahali pale. Ukijua lililotokea Greenland, unajua kinachotokea Moiben. Sayansi haikukatwa vipande viwili, kimoja cha matajiri wa ng'ambo na kimoja cha wachuuzi wa Eldoret.

Yuko na mpinzani wa upande wa pili, naye nisipomgusa nitakuwa mpendeleo. Huyo ni fundi aliyechoka kudharauliwa hata akaamua kudharau. "Kitabu huharibu mkono," husema. Nilimwona kijana mmoja aliyehitimu chuo akicheka rangi za yule mzee, akisema kwamba joto hupimwa kwa mtambo. Mzee akampa koleo. Kijana alikitosa chuma majini kikiwa cheupe kwa moto, nacho kililia "ta!" kikapasuka katikati. Mafundi walicheka siku nzima. Walikuwa na haki ya kucheka, lakini si haki ya kukoma hapo, maana mzee naye, siku alipoletewa kipande cha metali nyeupe nyepesi kutoka katika mabaki ya mtambo fulani, alikipasha kwa rangi za chuma, akakigonga kwa desturi ya chuma, kikapasuka kama biskuti. Macho yake yalijua metali moja. Kuzijua zote kulihitaji kujua kwa nini.

Katika mji huu na viunga vyake tunacho Chuo Kikuu cha Moi tangu mwaka 1984, na tunayo shule ya ufundi ya taifa, na tunao wahunzi mamia kando ya barabara. Baina yao hakuna bahari. Kuna sentensi ile tu, nayo ni ndefu kuliko bahari. Mwalimu husema darasani, "Titani ni nyepesi, ngumu, haili kutu," mwanafunzi huandika, hukariri, huitapika katika karatasi ya mtihani, hupata alama tatu, basi. Hajawahi kuona rangi ya chuma kilichoiva. Naye mtoto wa fundi huziona rangi zote tangu utotoni, na hakuna amwambiaye kwamba anachokitazama kina jina, kina kipimo, na kina watu waliojitolea maisha yao kukichungua. Mmoja ana maneno bila kitu, mwingine ana kitu bila maneno, na sisi tunawakataza wasikutane.

Usiningoje mimi, wala usiingoje wizara. Mwombe mwalimu wako wa sayansi asimame karibu, vaa miwani ya kukinga macho, uchukue sindano tatu za kushonea na koleo dogo. Zipashe zote tatu motoni mpaka ziwe nyekundu barabara. Ya kwanza izike katika jivu la moto uiache ipoe yenyewe mpaka jioni. Ya pili itose katika maji baridi mara moja. Ya tatu itose vilevile, kisha ing'arishe kwa msasa na kuipasha tena kidogo, polepole, mpaka iwe na rangi ya buluu, ukaiache. Halafu shika kila moja kwa koleo ukaipinde, ncha ikiwa imeelekea mbali na uso wako. Andika iliyopinda ikabaki imepinda, iliyokatika, na iliyopinda ikarudi. Andika na rangi ulizoziona na muda uliochukua. Kisha, siku ya Jumamosi, lichukue daftari hilo uende nalo kwa mhunzi aliye karibu na kwenu, umwamkie, umsomee ulichoandika, umwombe akuonyeshe mahali ulipokosea.